Kidonda Kilichofichwa na Hina

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tunaomba nafasi katika ukurasa huu tueleze jambo lililotupata nyumbani kwetu. Si jambo la kujivunia. Tulisita kuliandika, kwa kuwa kulieleza ni kukiri makosa yetu, lakini Khalati mwenyewe ndiye aliyetuhimiza. Alituambia, "Andikeni, wanangu. Mimi kidole changu kimekwenda, basi na kiende na faida."

Sisi ni wanawake wa ua mmoja katika pwani ya kusini: Nyanya, binti zake, wakaza wana wake, na wajukuu waliokwisha kuwa wakubwa. Riziki yetu hutoka mikononi. Asubuhi twapara samaki wa kuuza na wa kula. Mchana twashona makuti, kazi ya kukunja majani makavu ya mnazi juu ya kijiti kirefu na kuyafunga kwa kamba nyembamba, kuti baada ya kuti, hata vidole vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma. Jioni twakuna nazi, twachanja kuni, twachota maji kisimani. Katika nyumba ya namna hii kidonda kidogo si habari. Aliyekatwa na kisu hunyonya kidole, hujifuta kwa leso, akaendelea. Tumelelewa tukiamini kuwa anayesimamisha kazi kwa ajili ya mkwaruzo ni mdeka, na mdeka hana sifa uani kwetu.

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya mtoto wetu. Siku ya Jumatano Khalati alipakwa hina na piko, mikono miwili, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Ilikoza ikapendeza. Siku ya Alhamisi yeye ndiye aliyesimamia samaki, na mlikuwa na tafi wengi. Anayemjua tafi anajua kuwa miba yake ya mgongoni ina sumu, na kwamba humchoma mtu hata akiwa amekwisha kufa. Mmoja akamdunga Khalati kidole cha kati cha mkono wa kulia. Akapiga yowe, akakung'uta mkono, kisha akacheka kwa kuwa watoto walikuwa wakimtazama. Nyanya alichota jivu kidogo jikoni, akalishindilia penye tundu, akakifunga kidole kwa kipande cha leso kuukuu. Khalati akarudi kwenye beseni la samaki, kitambaa kikalowa maji ya magamba na utumbo, na hakuna aliyesema neno.

Siku ya Ijumaa alisema kidole chapwita. Mmoja wetu akamwambia sumu ya tafi itajiondokea yenyewe jioni. Wa pili akakichovya katika mafuta ya taa. Wa tatu akafungua kidonge cha rangi mbili kilichobaki katika mkoba tangu homa ya mtoto, akamwaga unga wake juu ya tundu. Twayasema haya kwa uwazi, kwa sababu kila mmoja wetu alikiona kidole kile, na kila mmoja alitia neno lake, na hakuna hata mmoja aliyefanya lililo sawa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitambua wakati ule. Khalati ni mtu wa swala. Kila adhana ilipolia alifungua kile kitambaa ili maji ya udhu yafike kidoleni, akaosha kwa maji ya pipa lile lile la uani ambalo sote twachovya kata zetu, kisha akakifunga tena kwa kitambaa kile kile kilichokuwa kimelowa. Mara tano kwa siku. Alidhani udhu wake hautasihi bila hivyo, naye hakuuliza, na sisi hatukumwambia.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya walima. Khalati aliwagawia wageni wali kwa mkono wa kushoto wa upawa, akasingizia uchovu. Laiti ngozi yake ingekuwa wazi, tungeona wekundu ukitambaa. Lakini hina ni nyekundu, na piko ni nyeusi, na mapambo yale yalifunika kila dalili. Jicho halikuona kitu. Ni Jumapili alfajiri, mmoja wetu alipomshika mkono kumsaidia kuinuka, ndipo mkono ule ulipomshtua kwa joto. Tulipoukunja mkono wa gauni tuliona mstari mwekundu ulioanzia pale mapambo yalipokomea, ukipanda kuelekea kwapani, na kwapani pamevimba mtoki. Khalati alikuwa akitetemeka kwa baridi katika mwezi wa joto.

Hospitalini walipima sukari wakaikuta imepanda sana. Sote twajua kuwa Khalati ana kisukari kwa miaka tisa. Lakini katika pilikapilika za harusi alikuwa amesahau dawa zake kwa siku kadhaa, na maradhi ya kidonda nayo huipandisha sukari zaidi. Daktari alikifungua kidole, akatoa usaha, akajaribu. Baada ya siku mbili alituita akatueleza kwa upole kuwa sehemu ya mbele imekufa, na isipoondolewa, ubovu utapanda kiganjani. Wakaondoa pingili mbili. Khalati alikaa wodini siku kumi na moja.

Kabla ya hayo, siku ile ya kwanza, daktari aliuliza swali moja ambalo halijatutoka masikioni. Aliuliza, "Ni nani aliyekiosha kidonda hiki siku kilipotokea?" Tulikuwa watu wazima watano tumesimama mbele yake. Tulitazamana. Tulikuwa tumetia jivu, tumetia mafuta, tumetia dawa, tumetia udhu. Hakuna aliyekuwa ameosha kidonda kwa sabuni na maji safi.

Tangu siku hiyo tumejifunza, kutoka kwa wauguzi waliomhudumia Khalati na kutoka kwa zahanati ya karibu, na tunapenda kuwapa wenzetu tuliyoyapata.

La kwanza ni mikono ya anayehudumia. Huanza yeye kunawa kwa sabuni, hata kama damu inatoka, isipokuwa damu iwe nyingi mno. Mkono uliotoka kwenye samaki au kwenye udongo ukigusa kidonda, huongeza uchafu juu ya uchafu.

La pili ni kuisimamisha damu. Huchukuliwa kitambaa safi kilichokauka, kikabanwa juu ya jeraha kwa nguvu, na kiungo kikainuliwa juu kuliko moyo. Hubanwa dakika kumi mfululizo kwa saa. Kosa letu lilikuwa kufunua kila mara kuchungulia kama damu imekoma. Kila ukifunua, unaivunja ile damu iliyoanza kuganda, na kazi huanza upya. Damu isiyokoma baada ya kubanwa hivyo, au inayoruka kwa mapigo, ni ya kukimbiziwa hospitali huku mkono ukiendelea kubana.

La tatu, na hili ndilo lililotupita, ni maji. Maji safi yanayotiririka, ya bomba au ya birika, yamiminwe juu ya jeraha kwa dakika kadhaa mpaka mchanga na taka zote zitoke. Sabuni ya kawaida iliyokosa manukato hutumika kuosha ngozi inayozunguka jeraha. Maji ya kisima yasiyoaminika huchemshwa kwanza yakaachwa yapoe, na ndiyo maana sasa hatukosi chupa ya maji yaliyochemshwa. Kibanzi au mchanga unaoonekana hutolewa kwa kibanio kilichosafishwa. Kilichozama ndani kabisa hakichokolewi nyumbani. Dawa kali za kuulia vijidudu, zile zinazotiwa katika maji ya kufulia au kupigia deki, hazimwagwi kavu juu ya nyama iliyo wazi, kwani huiunguza ile nyama mpya inayojaribu kuota.

La nne ni kufunika. Wengi wetu tulifundishwa kuwa kidonda huachwa wazi "kipigwe na upepo kikauke." Wauguzi walitueleza kuwa kidonda kilichooshwa vizuri hupona upesi zaidi kikiwa kimefunikwa kwa shashi au bandeji safi, kikapakwa mafuta mazito ya kopo yasiyo na manukato ili kisikauke kikapasuka. Kwa mtu wa kazi za mikono, kufunika kuna faida ya pili ya kuzuia vumbi la makuti na maji ya samaki. Bandeji hubadilishwa kila siku, na hubadilishwa mara moja kila inapolowa au kuchafuka. Bandeji iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kuhusu mwiba wa tafi na wa samaki wengine wenye sumu, tulijifunza jambo ambalo wavuvi wengi wazee walikuwa wakilijua. Sumu ile hudhoofishwa na joto. Kiungo kilichochomwa hutiwa katika maji ya moto kiasi anachoweza mtu kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu yatulie. Maji hupimwa kwanza kwa mkono ulio mzima, maana mkono wenye maumivu hauhukumu joto vizuri. Baada ya hapo kidonda huoshwa kama vidonda vingine. Tundu la mwiba, au la msumari, lahitaji hadhari kubwa kuliko mkato mrefu. Mkato hutoa damu, na damu husaidia kusafisha. Tundu hujifunga juu upesi na kuufungia uchafu ndani.

Hapo ndipo linapoingia suala la pepopunda. Viini vyake huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, navyo hupenda mahali pasipofika hewa, kama ndani ya tundu la mwiba. Ugonjwa huweza kuchukua siku tatu hadi wiki tatu kujitokeza. Taya hukaza, shingo hukakamaa, mwili hupinda, na wengi hufa hata wakitibiwa. Kinga yake ni chanjo. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito. Tulipohesabu uani kwetu tuligundua kuwa wanaume, wachimbao visima na wapandao minazi, hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipochanjwa. Mwenye jeraha chafu au la tundu, ikiwa miaka mitano imepita tangu chanjo yake ya mwisho, au hakumbuki kabisa, aende zahanati akaulize, hata kama jeraha lenyewe laonekana dogo.

Tuseme pia juu ya vile tulivyovitia. Mafuta ya taa huchoma nyama wala hayaponyi. Dawa ya meno, unga wa kahawa, tumbaku, utando wa buibui na kinyesi cha ng'ombe, vyote hivi vimewahi kutumika kijijini, na vyote huingiza uchafu mahali palipokuwa na mlango wazi. Unga wa kidonge hauna nafasi juu ya kidonda: hautoshi kuua viini, huweza kuwasha ngozi, na huwazoesha vijidudu dawa ile mpaka siku itakapohitajika kweli ikawa haifanyi kazi. Na asali, ambayo sisi Waislamu twaiheshimu kwa kuwa imetajwa katika Kitabu kuwa ndani yake mna shifaa, ile inayotumiwa hospitalini juu ya vidonda imesafishwa kwa njia maalumu. Ya chupa ya sokoni hatujui imechanganywa na nini, basi twainywa, hatuipaki.

Lililobaki ni jivu, na hili lilitutia katika mazungumzo marefu.

Nyanya ana umri wa zaidi ya miaka themanini. Tuliporudi kutoka hospitali tukiwa na mambo mapya ya kusema, alitusikiliza akiwa amenyamaza, kisha akatuuliza kama twadai kuwa Bibi Fatima (R.A.) alikosea. Alitukumbusha kisa cha Uhud, Mtume (S.A.W.) alipojeruhiwa usoni, na binti yake akachoma kipande cha jamvi akaliweka jivu lake juu ya jeraha, damu ikakoma. Kisa hiki kimepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Tukakosa la kumjibu. Tungethubutuje?

Tulilipeleka swali kwa ustadha anayetusomesha darsa ya wanawake siku za Jumanne. Hakumcheka Nyanya, na hakutucheka sisi. Alitusomea kisa chote tangu mwanzo, kisha akatuuliza, Bibi Fatima alianza na nini? Alianza na maji. Alikuwa akiiosha damu, na mumewe Ali (R.A.) akimmiminia maji kutoka katika ngao. Ni pale alipoona kuwa maji hayaizuii damu, bali yazidi kuitiririsha, ndipo alipochoma lile jamvi, na akaliweka jivu lililotoka motoni wakati ule ule. Sisi, akasema ustadha, tumeshika mwisho wa kisa tukauacha mwanzo wake. Tena jivu letu si lile. Letu limelala jikoni usiku kucha, paka amepita juu yake, maganda ya vitunguu yametupwa ndani yake. Na haja aliyokuwa nayo Bibi Fatima ilikuwa kuizuia damu ya jeraha vitani, akatumia alichokuwa nacho. Sisi leo tuna kitambaa safi na dakika kumi. Aliongeza kuwa Mtume (S.A.W.) alitufundisha kutafuta dawa, na kwamba kumfuata ni pamoja na kutafuta iliyo bora tuliyojaaliwa.

Tulimpelekea Nyanya maneno hayo. Akasema, "Haya, nimesikia." Hakusema zaidi, nasi hatukumwongezea. Twajua kuwa mkono uliotia jivu lile ulikuwa mkono wa mama anayempenda mwanawe, na twajua kuwa hakulala usiku ule wa operesheni.

Ustadha ndiye pia aliyetuondolea tatizo la udhu, na twaliandika hapa kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zinalo. Dini yetu haikumtaka mwenye jeraha alifungue na kulilowesha kwa kila swala ikiwa maji yatamdhuru. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, mwenye bandeji huosha sehemu nzima ya kiungo, hupangusa maji juu ya bandeji, na hutayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa na maji. Ni vyema bandeji ifungwe mtu akiwa na tohara anapoweza, na isienee kupita haja. Kuna maelezo zaidi kuhusu jeraha lililo katika uso au mikono, na kuhusu swala za kulipwa. Kila mtu amuulize mwalimu wake kwa hali yake. Baada ya kupangusa, bandeji ikiwa imelowa, hubadilishwa. Laiti Khalati angeuliza siku ile ya Alhamisi, au sisi tungemuulizia.

Wenye kisukari wana haki ya maneno ya peke yao. Kwao hakuna kidonda kidogo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hupunguza hisia za miguu na kudhoofisha mzunguko wa damu, hata mtu akakanyaga mwiba asijue, na kidonda kikachelewa kupona. Siku hizi kila jioni baada ya Isha mmoja wa wasichana humkagua Khalati nyayo na katikati ya vidole, akiwa na tochi, kwani macho ya Khalati si ya zamani. Hatembei peku hata uani. Na akipata mchubuko wowote, huenda zahanati siku ile ile, si baada ya kuona kama utapona.

Kwa wengine sote, dalili za kutusimamisha ni hizi: maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili badala ya kupungua, wekundu, joto na uvimbe vinavyoenea, usaha au harufu mbaya, mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda, mtoki kwapani au kwenye kinena, homa na kutetemeka. Pia jeraha lililoachama midomo yake isikutane, au lililoacha kidole hakipindi au hakihisi, huenda likataka kushonwa, na kushona kwafaa kufanywe mapema, siku ile ile. Na aliyeumwa na mbwa au paka, hata meno yakigusa kidogo tu, huosha kwa sabuni na maji kwa dakika kumi na tano, kisha huenda hospitali bila kuchelewa kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mwenye hina mikononi, sisi twajua sasa, asitegemee jicho. Apime joto kwa mgongo wa mkono wa mtu mwingine, akilinganisha mkono mmoja na wa pili.

Jikoni kwetu limetundikwa kopo la biskuti lenye kifuniko kinachobana. Ndani yake mna sabuni, shashi, bandeji, utepe, kibanio, mkasi, mafuta mazito na jozi mbili za glovu. Vyote havikuzidi bei ya samaki wa siku moja. Mbuzi ya kukunia nazi sasa huegeshwa meno yakiwa yameelekea ukutani. Visu hunolewa kila wiki, kwa sababu kisu butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayotelezesha mkono.

Mwezi wa Shaabani kopo lile lilipata kazi. Kijana wetu wa miaka kumi na tatu alikuwa akifungua dafu, panga likateleza likamkata chini ya dole gumba la kushoto. Alikuja mbio akiwa ameshika mkono, damu ikimdondokea miguuni. Kabla hatujanyanyuka, sauti ya kwanza iliyosikika ilitoka barazani. Ilikuwa ya Nyanya, akipaza, "Maji! Leteni maji, na sabuni!" Tulimkalisha, tukabana kwa dakika kumi tukitazama saa ya ukutani, mtoto akiomba tufunue na sisi tukikataa. Tulimmiminia maji ya chupa mpaka yakatoka meupe. Tukamwambia apinde dole gumba, akalipinda. Tukamgusa ncha yake, akahisi. Tukamfunga, na kwa kuwa panga lilikuwa la shambani, tukampeleka zahanati akadungwa sindano ya pepopunda. Kidonda kilifunga kwa muda wa siku kumi, Alhamdulillah, na kovu lake ni jembamba kama uzi.

Jioni ya siku ile mmoja wetu alimsifu Nyanya. Akajibu kuwa mkono wake ulikuwa tayari umekwisha kuelekea jikoni, ni ulimi tu uliotangulia.

Khalati amerudi kwenye makuti. Hashoni kwa kasi aliyokuwa nayo. Zamani alikuwa akitutangulia kwa makuti kumi katika asubuhi moja, sasa sisi ndio tunaomngojea. Kinachomsumbua zaidi si hicho. Tangu utotoni alizoea kuhesabu tasbihi kwa pingili za mkono wa kulia, tatu kwa kila kidole. Miezi ya mwanzo baada ya swala alikuwa akifika kwenye kidole cha kati, dole gumba likitafuta pingili zisizokuwapo, hesabu ikampotea, akaanza upya. Tulimnunulia tasbihi ya shanga. Aliipokea, akatushukuru, akaitundika ukutani. Bado huhesabu kwa vidole, na akifika pale hugusa kile kilichobaki mara tatu, kisha huendelea.

Tunawaomba mumwombee dua, na mtuombee nasi. Na yule ambaye nyumbani kwake hamna kopo, tunamsihi aliandae kabla ya Ijumaa ijayo.

Wabillahi tawfiq.